Baridi, Upepo na Neva ya Uso: Historia ya Maumivu Sugu ya Uso na Hali ya Hewa Jijini Kigali

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi uhusiano kati ya hali ya hewa na maumivu sugu ya neva ya uso ulivyoelezwa katika nyakati tofauti, kuanzia tiba ya Kiarabu iliyoacha alama katika msamiati wa Kiswahili, kupitia tiba ya Ulaya ya karne ya 18 na 19, hadi tafiti za karne hii. Maelezo hayo yanapimwa kwa mazingira ya Kigali, jiji la nyanda za juu lililo karibu na Ikweta, ambako halijoto hubadilika kidogo kati ya mwezi na mwezi. Inadaiwa kuwa sehemu kubwa ya nadharia za Ulaya kuhusu dhoruba na majira ya baridi haihamishiki Kigali, lakini upepo na baridi inayogusa ngozi ya uso vina msingi wa kifiziolojia usiotegemea majira. Aidha, inaonyeshwa kuwa matukio ya 1994 yaliongeza idadi ya watu wenye majeraha ya uso na kwa wakati huohuo yakakatiza kumbukumbu za hali ya hewa ambazo zingewezesha suala hili kuchunguzwa.

1.0 Utangulizi

Neva ya tano ya kichwa hutoka katika shina la ubongo na kugawanyika matawi matatu: moja huenda kwenye jicho na paji la uso, la pili kwenye shavu na taya la juu, la tatu kwenye taya la chini. Ndiyo inayoupa uso hisia ya mguso, joto, baridi na maumivu. Inapougua, mgonjwa hupatwa na maumivu ya ghafla upande mmoja wa uso, mfano wa shoti ya umeme, yanayodumu kwa sekunde chache au, kwa nadra, hadi dakika mbili, kisha hupotea na kurudi. Kinachoyachokoza huwa kitu kidogo mno: kutafuna, kupiga mswaki, kunawa uso, kusema neno, au upepo kupita shavuni. Kwa hiyo mgonjwa huogopa mambo ambayo wengine hawayaoni kuwa mambo.

Hofu ya upepo ina uzito wake Kigali. Usafiri wa watu wengi jijini humo ni pikipiki za abiria, ziitwazo moto, na abiria hupanda na kushuka vilima akiwa uso kwa uso na hewa inayokwenda kasi. Kofia ngumu ni lazima kwa mujibu wa sheria, lakini kioo chake cha mbele kikipandishwa juu shavu hubaki wazi. Mtu mwenye maradhi haya hulazimika kuchagua kati ya usafiri wa haraka na usalama wa uso wake, na uchaguzi huo haumo katika takwimu zozote za uchukuzi.

Ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Utafiti wa Rochester, Minnesota, uliochapishwa 1990 ulikadiria wagonjwa wapya 4.3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya Rwanda ya 2022 ilihesabu watu 1,745,555 katika Jiji la Kigali. Kiwango cha Rochester kikihamishwa kama kilivyo, Kigali ingepata wagonjwa wapya wapatao 75 kila mwaka. Hesabu hiyo bila shaka inazidisha, kwa kuwa maradhi haya huwapata zaidi waliovuka miaka 50, ilhali karibu theluthi mbili ya Wanyarwanda wana umri wa chini ya miaka 30. Hata ikipunguzwa kwa nusu au zaidi, bado ni watu ambao wanatakiwa wawe wameandikwa mahali fulani. Kundi la pili, la wale ambao neva zao za uso ziliharibiwa kwa jeraha, halimo kabisa katika hesabu hiyo. Kundi hilo litarejelewa katika sehemu ya tano.

2.0 Majina ya Maumivu

Kabla ya vipimo kulikuwa na majina, na majina hubeba nadharia. Kiswahili kina neno kipandauso, ambalo kamusi hulieleza kuwa maumivu ya kichwa yanayoshika sehemu ya paji la uso na macho. Neno hilo halitaji chanzo. Linataja njia tu, yaani kitu kinachopanda usoni. Tofauti na hilo, baridi yabisi, jina la maumivu ya viungo linalotumika hadi leo kutoka Lamu hadi Bujumbura, ni nadharia kamili ya kitabibu iliyofupishwa katika maneno mawili. Yabisi ni kavu kwa Kiarabu. Baridi na ukavu ni mojawapo ya jozi nne za tabia za miili katika mfumo wa Galen, uliorithiwa na kuendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, na ambao kwa karne nyingi ulifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na vitabu, dawa na wasafiri. Mgonjwa anayesema ana baridi yabisi leo hamaanishi kwamba nyongo nyeusi imezidi mwilini mwake. Hata hivyo, lugha imemhifadhia jibu kabla hajauliza swali: kilichomuuma ni baridi.

Kinyarwanda kina imbeho kwa baridi na umuyaga kwa upepo, na maumivu ya viungo huitwa rubagimpande, neno ambalo halina baridi ndani yake. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wanaotafsiri madodoso ya afya kwa ajili ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Dodoso linalomuuliza Mtanzania kama ana baridi yabisi tayari limempa sababu ya maradhi. Likitafsiriwa kwa Kinyarwanda sababu hiyo hutoweka njiani, na majibu ya nchi mbili hayawezi kulinganishwa. Tangu 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda, suala hili si la kinadharia tena. Mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, iliyokaliwa na wazungumzaji wa Kiswahili tangu enzi ya Wajerumani na ambako msikiti wa Al-Fatah ulijengwa 1913, imeishi na mifumo hiyo miwili ya majina kwa zaidi ya karne.

Tiba ya Kiarabu na Kiajemi haikuishia kwenye baridi. Tabibu Ismail al-Jurjani, aliyeandika kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 12, alieleza maumivu ya upande mmoja wa taya na kuyahusisha na mshipa wa damu ulio karibu na neva. Wazo hilo lilisahauliwa kwa miaka zaidi ya 800. Walter Dandy aliona mishipa ya damu ikigusa mzizi wa neva ya tano alipokuwa akifanya upasuaji katika miaka ya 1920 na 1930, na Peter Jannetta akajenga juu yake upasuaji wa kuitenganisha mishipa hiyo na neva kuanzia 1967. Leo, kubanwa kwa neva na mshipa wa damu ndiko kunakotambuliwa kuwa chanzo kikuu cha maradhi haya kwa wagonjwa wengi. Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa kuhusu hali ya hewa unapoweza kufunguliwa: mshipa wa damu huiandaa neva, upepo huichokoza. Chanzo na kichokoo ni vitu viwili, na karibu makosa yote yatakayoelezwa katika sehemu inayofuata yalitokana na kuvifanya kimoja.

3.0 Kutoka Meno hadi Mabwawa

Desemba 1677 mwanafalsafa John Locke, ambaye pia alikuwa tabibu, aliitwa jijini Paris kumtazama mke wa balozi wa Uingereza. Bibi huyo alikuwa akipatwa na mishtuko ya maumivu usoni, na tayari alikuwa ameng'olewa meno bila nafuu. Barua za Locke kuhusu mgonjwa huyo ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo yaliyo kamili ya ugonjwa huu barani Ulaya. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kinachovutia ni yale meno. Maumivu yanakaa tayani, mgonjwa anaonyesha jino, jino linang'olewa, maumivu yanabaki, jino la pili linafuata. Njia hiyo haijabadilika sana katika kipindi cha miaka 350.

Nicolas André alilipa gonjwa hili jina lake la Kifaransa mwaka 1756. John Fothergill wa London aliwasilisha maelezo yake 1773, yakachapishwa 1776. Alitambua kwamba huwapata zaidi wanawake na watu waliovuka makamo, na kwamba mguso mwepesi huchokoza maumivu kuliko mgandamizo wa nguvu. Kuhusu chanzo alikosea, kwani alidhani ni ugiligili wa aina ya saratani, akatumia dawa itokanayo na mmea wa sumu. Hata hivyo uchunguzi wake wa dalili ulikuwa mzuri kiasi kwamba ugonjwa uliitwa kwa jina lake kwa muda.

Hatua iliyoleta tabianchi katikati ya mjadala ilichukuliwa na John Macculloch, ambaye mwaka 1828 alichapisha kitabu cha juzuu mbili kilichoweka homa za mabwawa na maumivu ya neva katika jamii moja ya magonjwa. Hoja yake ilikuwa kwamba hewa chafu ya mabwawa huleta homa za vipindi, na kwamba maumivu ya uso yanayokuja na kuondoka kwa vipindi ni sura nyingine ya sumu ileile. Hoja hiyo inaonekana ya ajabu sasa, lakini haikuwa ya kijinga. Malaria huja na maumivu makali ya kichwa, mara nyingine yaliyojikita juu ya jicho na kurudi kwa saa maalumu, na kwinini iliyaondoa. Dawa ilipofanya kazi, nadharia ilionekana imethibitishwa. Kwa hiyo madaktari wa karne ya 19 waliotoka Ulaya kwenda nchi za joto walibeba dhana kwamba maumivu ya neva ya uso ni ya bondeni na ya masika, na kwamba kilimani ni salama.

Kigali ilianzishwa 1907 na mtu wa taaluma hiyohiyo. Richard Kandt, Mkazi wa kwanza wa Kijerumani nchini Rwanda, alisomea udaktari na aliwahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Bayreuth kabla ya kuja Afrika kutafuta chanzo cha mto Nile. Alichagua kilima, si bonde. Sababu za kiutawala na za kijiografia zilikuwepo, kwani mahali hapo pako karibu na katikati ya nchi. Lakini mazoea ya kuweka makazi ya Wazungu juu ya ukungu wa mabonde yalikuwa sehemu ya elimu ya kila daktari wa wakati wake. Ramani ya Kigali bado inayaonyesha mazoea hayo, huku mabonde kama Nyabugogo yakiachiwa maji, masoko na mabasi.

Kutoka nadharia ya mabwawa hadi vipimo halisi kulihitaji vita. Kapteni Robert Catlin wa jeshi la Marekani alipoteza mguu katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na kwa miaka kadhaa baadaye aliandika saa kwa saa maumivu yaliyoishika sehemu iliyobaki, akiyalinganisha na barometa. Daktari Silas Weir Mitchell alichapisha matokeo hayo 1877. Yalionyesha kwamba maumivu yalizidi wakati kanieneo la hewa lilipokuwa likishuka mbele ya dhoruba, na kwamba ukanda wa maumivu ulitangulia mvua kwa umbali wa maili 150 hivi. Hayakuwa maumivu ya uso, lakini yalikuwa ya neva iliyojeruhiwa, na utafiti huo wa mtu mmoja ulitawala mawazo ya waliokuja baada yake. Ni muhimu kukumbuka kwamba ulifanyika katika bara ambalo dhoruba kubwa hulivuka kutoka magharibi kwenda mashariki, na ambalo serikali yake ilikuwa imeanza kulijaza vituo vya hali ya hewa vilivyounganishwa kwa telegrafu.

4.0 Barometa ya Kigali

Nadharia ya Mitchell ikiletwa Kigali inakutana na anga ya namna nyingine. Katika nchi za Ikweta kanieneo la hewa halishuki na kupanda kwa dhoruba kama katika Marekani ya kaskazini. Huenda kwa mdundo wa kila siku: hupanda hadi kilele karibu saa 4 asubuhi, hushuka hadi karibu saa 10 jioni, hupanda tena hadi saa 4 usiku na kushuka kuelekea alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali mbili au tatu tu. Alexander von Humboldt aliushangaa utaratibu huu alipokuwa Amerika ya Kusini, akaona kwamba barometa ya nchi za joto ingeweza kutumika karibu kama saa. Dhoruba kali ya Ulaya inaweza kushusha kanieneo kwa hektopaskali 20 au zaidi kwa siku moja. Mvua ya radi ya Kigali haifanyi hivyo.

Kilima, kwa upande mwingine, hufanya. Mlima Kigali unafika takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na bonde la Nyabugogo liko zaidi ya mita 400 chini yake. Katika mwinuko huo kila mita 10 hivi za kupanda hupunguza hektopaskali moja. Anayetoka bondeni na kufika juu ya mlima amepungukiwa na hektopaskali zipatazo 40, na huenda ametumia chini ya nusu saa. Kama kushuka kwa kanieneo pekee kungetosha kuamsha neva iliyougua, wagonjwa wa Kigali wangelalamikia vilima kuliko mawingu. Mtu anaweza kupinga kwamba kinachoumiza ni mchanganyiko wa kanieneo, unyevunyevu na baridi kwa saa nyingi, wala si kanieneo peke yake; pingamizi hilo ni la haki, lakini linakubali kwamba barometa imepoteza cheo ilichopewa 1877.

Halijoto nayo inadai tafsiri mpya. Wanyarwanda hugawa mwaka katika majira manne: umuhindo, yaani mvua za vuli kuanzia Septemba, urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, itumba, masika ya Machi hadi Mei, na impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Yanatofautiana kwa mvua, si kwa joto. Wastani wa halijoto ya mwezi Kigali hukaa karibu nyuzi 20 au 21 za Selsiasi mwaka mzima, ilhali tofauti kati ya alfajiri na adhuhuri ya siku moja inaweza kuzidi nyuzi 10. Utafiti unaouliza kama maumivu huzidi katika majira ya baridi unauliza swali ambalo kalenda ya Kigali haina. Swali la Kigali ni la saa, si la mwezi: alfajiri, baada ya mvua, jioni barabarani.

Kwamba baridi ya kiasi hicho yatosha kunaelezwa na ugunduzi wa 2002. Kundi la David Julius huko California lilitambua kipokezi cha baridi, kiitwacho TRPM8, ambacho huamshwa pia na mentholi. Na lilikipata katika seli za neva ya tano ya panya. Kipokezi hicho huanza kuitikia ngozi ikipoa hadi karibu nyuzi 26. Ngozi ya uso kwa kawaida ina nyuzi zaidi ya 30, na upepo wa pikipiki katika hewa ya nyuzi 16 huishusha upesi. Theluji haihitajiki. (Julius alipata Tuzo ya Nobel 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, ambaye maabara yake ilikuwa imekifikia kipokezi hicho wakati huohuo.)

Tafiti za takwimu zimekuwa na matokeo ya wastani. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Amos Tversky waliwafuatilia wagonjwa 18 wa baridi yabisi kwa miezi 15, wasione uhusiano wowote kati ya hali ya hewa na maumivu, ingawa wagonjwa wenyewe waliuamini. Wakahitimisha kwamba akili ya binadamu huona mpangilio hata pasipo na mpangilio. Utafiti wa Uingereza wa 2019, uliotumia simu za mkononi za watu 2,658 wenye maumivu sugu, ulipata uhusiano, lakini mdogo: unyevunyevu mwingi, kanieneo la chini na upepo mkali viliongeza uwezekano wa siku ya maumivu kwa zaidi kidogo ya asilimia 20 vilipokutana vyote. Wengi wao waliugua viungo, si uso. Uwezo wa utafiti huo, hata hivyo, haukuwa katika simu pekee. Kila simu ilihusishwa na kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nayo.

5.0 Aprili

Rwanda ilikuwa na mtandao wa vituo uliojengwa tangu enzi ya Wabelgiji, kikiwemo kituo cha utafiti wa kilimo cha Rubona, na ulitosha kutoa moja ya tafiti za mwanzo barani Afrika zinazounganisha joto na maradhi. Michael Loevinsohn alionyesha katika jarida la Lancet mwaka 1994 kwamba ongezeko kubwa la malaria katika eneo la Gikonko, kusini mwa nchi, mwishoni mwa 1987 liliendana na ongezeko la halijoto na mvua. Makala hiyo ilitoka Machi. Wiki chache baadaye nchi iliyokuwa imechunguzwa haikuwepo tena kwa namna ileile.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili 1994, katikati ya itumba, na kwa takwimu za Serikali ya Rwanda yaliua watu zaidi ya milioni moja. Miongoni mwa walionusurika walikuwemo wengi waliokatwa kwa panga kichwani na usoni. Jeraha la aina hiyo linaweza kukata tawi la neva ya tano, na neva inayopona vibaya huacha maumivu yaliyo tofauti na yale ya kubanwa na mshipa wa damu: hayaji kwa mishtuko ya sekunde, bali huunguza mfululizo, na sifa yake moja kubwa ni kwamba ubaridi mdogo usiomuumiza mtu mwingine huhisiwa kama maumivu. Uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa wa 2018 unayatenga makundi hayo mawili. Kapteni Catlin angekuwa ndugu wa kundi la pili.

Matukio hayohayo yaliuvunja mtandao wa hali ya hewa. Vituo vingi vilinyamaza, na katika kumbukumbu za sehemu kubwa ya nchi kuna pengo la takriban miaka 15. Shirika la hali ya hewa la Rwanda, likishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, baadaye lililiziba kwa kuunganisha data za vituo vilivyobaki na za setilaiti. Kwa kilimo ziba hiyo ina manufaa makubwa. Kwa maumivu haitoshi: setilaiti hukadiria mvua ya siku kumi au ya siku moja, haijui upepo wa saa 12 asubuhi katika mteremko wa Gitega. Kwa hiyo miaka ambayo manusura wengi walikuwa wakianza kuishi na neva zilizojeruhiwa ndiyo miaka ambayo hali ya hewa ya nchi yao haikuandikwa. Mtafiti yeyote atakayetaka kurudi nyuma na kulinganisha hawezi. Upande mmoja wa mlinganyo umekosekana.

Liko tatizo gumu zaidi kuliko pengo la data. Kila mwaka kumbukumbu za Kwibuka huanza tarehe 7 Aprili, mvua zikiwa katika nguvu zao. Maradhi ya kiwewe yaitwayo ihahamuka, yaliyoelezwa na madaktari wa Rwanda na wanaanthropolojia, huongezeka katika wiki hizo, nayo huonekana mwilini: pumzi kubana, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma. Chati yoyote itakayoonyesha kwamba maumivu ya uso ya manusura yanazidi Aprili itakuwa imepima mvua na kumbukumbu kwa pamoja. Katika Uingereza mwezi wa mvua ni mwezi wa mvua tu. Mshauri wa sera anayeletewa matokeo ya aina hiyo hana budi kuuliza kama umuhindo, wenye mvua lakini usio na kumbukumbu hizo, ulionyesha jambo lilelile. Tofauti kati ya itumba na umuhindo ndiyo jaribio pekee la kimaumbile ambalo kalenda ya Rwanda inampa mtafiti, na ni la thamani.

6.0 Dawa, Bima na Daftari

Dawa inayochaguliwa kwanza kwa mishtuko ya neva ya tano haikutafutwa kwa ajili yake. Karbamazepini ilitengenezwa na mkemia Walter Schindler wa kampuni ya Geigy mwaka 1953, na Sigfrid Blom wa Uswidi akaripoti 1962 kwamba inatuliza maumivu haya. Imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, lakini kama dawa ya kifafa. Mahali ilipoandikwa pana matokeo ya kivitendo. Katika Kigali, kifafa kimetibiwa kwa muda mrefu katika hospitali ya Ndera, iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo na kupokea wagonjwa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na ambayo Aprili 1994 iligeuka mahali pa mauaji ya wagonjwa na wakimbizi. Dawa ya uso wa mtu, basi, inahusishwa na hospitali ya magonjwa ya akili na kifafa. Mwenye maumivu ya taya hawazii kwenda huko; huenda kwa daktari wa meno, kama walivyofanya wenzake wa Paris.

Bima ya afya ya jamii, mutuelle de santé, iliyojaribiwa katika maeneo matatu 1999 na kuenezwa nchi nzima tangu 2004, imempa mgonjwa huyo mlango wa kituo cha afya na rufaa ya ngazi kwa ngazi. Kwa manusura, mfuko wa FARG ulioundwa 1998 ulilipia matibabu hadi majukumu yake yalipohamishiwa wizara mpya 2021. Milango ipo. Kinachokosekana ni neno sahihi la kuandikwa mlangoni. Maelezo ya baridi yana hatari yake hapa, kwa sababu yanaridhisha pande zote: mgonjwa amepata sababu inayolingana na alichokihisi, mhudumu amepata ushauri usio na gharama, yaani kujifunika skafu, na karbamazepini haitajwi. Skafu ni ushauri mzuri. Ubaya wake ni pale inapokuwa mwisho wa matibabu.

Jina la Kigali limekwisha kuingia katika historia ya tabianchi kwa Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, yanayohusu gesi za majokofu na viyoyozi, yaani, kwa bahati tu, ubaridi wa kutengenezwa. Mipango ya afya na tabianchi katika ukanda huu imeendelea kuhesabu malaria, kuhara na utapiamlo, na haiwezi kulaumiwa kwa kuanza na maradhi yanayoua. Lakini maumivu ya uso yanaweza kuchunguzwa bila mradi mkubwa. Mfumo wa taarifa za afya wa Rwanda umekuwa wa kidijitali tangu 2012, kituo cha uwanja wa ndege wa Kanombe kinapima upepo, na uainishaji wa kimataifa wa magonjwa una alama ya maradhi haya, G50.0. Kinachohitajika ni daftari la wagonjwa wa meno na wa neva kuongezewa safu za mambo matatu: saa maumivu yalipoanza, kama mgonjwa alikuwa nje au ndani, na kama uso wake uliwahi kujeruhiwa.

Maswali yenyewe yaandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili pasipo kutaja chanzo. Badala ya kuuliza kama baridi humsumbua, mhudumu aulize: maumivu huja ghafla upepo unapokugusa kisha huondoka, au huunguza muda wote hewa inapokuwa ya ubaridi? Anayejibu la kwanza aanziwe karbamazepini kabla jino lolote halijaguswa. Anayejibu la pili aulizwe, kwa faragha na kwa upole, kuhusu kovu.